Mstari wa Chaki

Koti lilimkaa Javan kana kwamba alishonewa yeye. Alijitazama kwenye kioo cha duka moja la Migori, akasahau kidogo kuwa yeye ni dereva tu.

Tangu asubuhi alikuwa akimwendesha mama mmoja tajiri wa Mbita katika Prado yenye vioo vyeusi, pamoja na stailisti wake, msichana anayelipwa kuwachagulia wakubwa mavazi. Kila duka walinunua vitu vya kiume.

"Wewe na mume wa mama mnatoshana mwili," stailisti alikuwa amemwambia. "Tusaidie kujaribu."

Sasa stailisti akapita nyuma yake na kipande cha chaki. Javan akaihisi ikianzia chini ya ukosi, ikishuka pole pole katikati ya uti wa mgongo hadi kiunoni.

"Fundi atapasua hapa," stailisti akamnong'oneza mama.

Javan akaganda. Kuna sababu moja tu ya kupasua suti mpya mgongoni. Mwaka jana alisaidia kumvisha baba yake mochari, na alijua mikono ya maiti iliyokauka haikunjiki kuingia kwenye koti.

Vidole vikakimbilia vifungo. Cha kwanza kikafunguka.

"Usivue, Javan." Mama alikuwa amevua miwani myeusi kwa mara ya kwanza siku hiyo. Macho yalikuwa yamevimba. "Nakuomba. Geuka kwanza nikuone."

Kifungo cha pili kilikuwa kingali mkononi. Javan akakiacha, akakifunga tena kile cha kwanza.