Ua la Pembe ya Nne

Kompyuta ya Bi Ruzuna, mchoraji wa kanga, ilizimika kila alipofika kwenye pindo. Ndiyo maana mkono wake wa kushoto haukubanduka kwenye kitufe cha kuhifadhi: ua moja, anabonyeza, ua jingine, anabonyeza. Na kiwanda kilisubiri mchoro alasiri hiyo.

"Nani aliongeza kasi ya memori?" fundi Mbwana, aliyeitwa kuitengeneza, aliuliza.

"Mimi. Nilitaka iwe nyepesi."

"Umeikimbiza mno, mama. Inakata pumzi njiani."

Akapunguza kasi, akaiongezea memori muda wa kusubiri, akaiwasha kompyuta upya.

Bi Ruzuna akachora ua, akabonyeza. Akachora la pili, la kumi. Alipomaliza pembe ya nne aliutazama mkono wa kushoto. Ulikuwa umejilaza mapajani, kama paka, wala hakujua tangu ua la ngapi.