Tofaa la Nta

Mhadhiri Shekalaghe aliwafundisha uchoraji watoto wa mwaka wa kwanza kwa tofaa moja la nta na kicheko cha dharau, meno yote nje, ili mwanya anaouringia uonekane.

"Hivi ni viazi! Mnatazama lakini hamwoni. Choreni mnachokiona!"

Siwema alichelewa, akakosa kiti, akajibanza nyuma ya meza yenye tofaa, upande ambao mhadhiri hakupenda watu wakae. Akachora.

Mhadhiri alipomfikia, aliinyakua karatasi. "Na huu ujinga gani, binti?"

"Alama za meno, mwalimu. Upande wa huku limeng'atwa."

"Futa."

"Lakini umesema tuchore..."

"Nimesema futa!"

Darasa zima likaja kuchungulia. Kweli, mtu mzima na akili zake timamu aliwahi kulivamia tofaa la nta kwa meno. Meno mawili mapana ya mbele yalikuwa yamezama, na katikati yake nta ilibaki imesimama kama kijiukuta.

Macho yakatoka kwenye tofaa, yakapanda taratibu hadi usoni kwa mhadhiri. Kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze, alikuwa amefumba mdomo.

"Nifute, mwalimu?" akauliza Siwema, akasubiri aufumbue.