Firigisi ya Waziri

Waziri alikuwa amenuna kwa sababu ya firigisi. Juzi, kwenye karamu ya nchi jirani, aliwekewa shingo na kipapatio cha kuku. Firigisi akala mwingine, wakubwa wote wakitazama.

"Mwanamume mzima napewa shingo!" alifoka. "Wametutukana taifa zima!"

"Taifa zima, mheshimiwa," wakaitikia washauri sita, wenye shahada za kujaza ukuta.

Mlangoni alisimama Mwinchande, tarishi wa wizara. Mkewe, Mize, alikuwa amelazwa hospitali ya ng'ambo ya mto, katika nchi hiyo jirani, amepasuliwa, na Ijumaa alikuwa aende kumchukua. Miaka yote alidhani mambo ya nchi na nchi hupimwa kwa akili. Kumbe hupimwa kwa matumbo, tena matumbo ambayo hayajawahi kulala njaa.

"Daraja lifungwe leo hii," waziri akasema, akaigonga muhuri barua ya amri. "Asivuke hata kuku!"

Washauri wakacheka mpaka machozi.

"Haya, mzee, mpelekee sajini wa darajani. Mbio!" waziri akamwambia Mwinchande, akimkabidhi barua.

Sajini alipoiona baiskeli ya serikali aliinua kizuizi. "Shikamoo, mzee. Kuna barua yetu?"

"Marahaba, mwanangu. Wakubwa bado wanakula," alijibu Mwinchande, akapita bila kushuka, barua imemganda kifuani kwa jasho.

Alikanyaga pedeli bila kugeuka. Upande wa pili askari wa kigeni alikuwa ameinua mkono, na kwa mbali hivyo haikujulikana kama anamsalimu au anamsimamisha.