Gari la Shemeji Limegoma

Gari liligoma mtoto akiwa ameshapanda.

Abdulatif alizungusha ufunguo tena. Kimya. Hata kukohoa halikukohoa. Kwenye kiti cha nyuma, Faraja, mtoto wa miaka sita, alikumbatia mfuko wa nguo zake. Kando yake bibi yake, Bi Mwaisha, alishaanza kununa.

Jana yake walikuwa wamemaliza arobaini ya mama yake Faraja. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na ukoo ulishaamua: Faraja akalelewe na bibi yake kijijini Matombo. Baba yake, Pazi, aliitikia kikaoni kwa shingo upande. Angefanyaje? Mke kazikwa, na sasa mtoto naye anaondoka.

Balaa ni kwamba Pazi ni fundi magari. Mtaa mzima wa Mafiga unamjua.

"Pazi," Bi Mwaisha aliita dirishani, "gari lilikuja zima, limelala uani kwako. Nikuseme, au utasema mwenyewe?"

"Mama, haki ya Mungu sijaligusa."

"Nani mwingine hapa anajua magari? Mwizi wa mtoto wewe!"

Majirani wakaanza kusogea. Abdulatif, mjomba wa mtoto, alishuka akifuta viganja kwenye suruali.

"Mama, basi. Betri hiyo imekufa. Tupande basi mimi na wewe, mtoto abaki na baba yake. Huenda hata marehemu hataki aondoke."

Bi Mwaisha akamgeukia mjukuu wake. Hilo la marehemu lilimwingia. "Kama ni betri kweli," alisema taratibu, "basi na abaki."

Faraja alitoa kichwa nje. "Baba, eti wewe ndiye umeliharibu?"

Lo! Swali hilo lilimchoma Pazi kuliko matusi yote. Akose mtoto, sawa, lakini mwanawe asikue akijua baba yake ni mwongo.

"Betri haijafa," alisema. Akawasha taa, zikawaka kwa nguvu. Akapiga honi, kuku wakatawanyika.

"Shemeji, acha tu," Abdulatif alimshika mkono. "Ni betri."

"Niache, shemeji. Nimeitwa mwizi mbele ya watu."

Alifungua kifuniko chini ya usukani, akapima swichi ya ufunguo kwa taa yake ya kupimia. Ufunguo ukizungushwa, umeme unapita. Swichi nzima. Akaingia uvunguni hadi kwenye stata, mota ya kuwashia injini, na hapo akauona: waya mwembamba unaoleta umeme kutoka kwenye swichi ulikuwa unaning'inia. Akauchomeka.

"Washa!"

Gari likanguruma. Pazi akatoka uvunguni, vumbi mgongo mzima.

"Mama, waya ulikuwa umechomoka. Nimeurudisha watu wote wakiona. Mimi si mwizi."

Bi Mwaisha aliinamisha macho. "Nisamehe, baba. Nimekukosea sana. Haya, Abdulatif, tuondoke kabla jua halijawa kali."

Faraja akaanza kulia. Pazi alimbusu kwenye paji la uso, akajikaza, ikashindikana, akalia naye. Uchungu wa mwana huo, jamani, usiombe ukukute.

Abdulatif alishuka tena, akamkumbatia Pazi kumuaga. Hakumwachia upesi.

"Waya niliuchomoa mimi alfajiri, shemeji," alimnong'oneza. "Nilikuwa nakuachia mwanao."