Usiku wa Kuhesabiwa

Haya nilisimuliwa na somo yangu Mwanakombo, tulipokuwa tukichambua karafuu msimu uliopita.

Kodi siku hizi, kama mjuavyo, ni ya vichwa. Usiku mmoja kila mwaka ukuta humhesabu kila aliyelala ndani na kumwashia taa yake. Asiyelala hahesabiwi, na asiyehesabiwa huhamishwa kesho yake.

Zuwena, mjane, aliishi na mama mkwe wake, Bi Tatu. Kodi ilipomwelemea, akamlipa Faki, mtaalamu wa kodi, amtafutie nafuu.

"Nafuu ni moja," alisema Faki. "Bibi asihesabiwe hapa."

"Nimekulipa unipunguzie kodi, si unipunguzie mama."

Faki akaaga, na Zuwena akadhani yamekwisha. Kumbe Bi Tatu alikuwa nyuma ya pazia, akisikia yote. Usiku wenyewe ulipofika, bibi aliketi wima kitandani, tasbihi mkononi, hataki kulala.

"Lala, mama."

"Nikilala nakutia gharama, mwanangu. Ushauri umeununua, utumie."

"Nimenunua samaki aliyeoza, nimemtupa. Ukiondoka, nani atanisema chumvi imezidi?"

"Na huzidi kweli," alisema Bi Tatu, akacheka kidogo.

Zuwena akamkanda miguu kwa mafuta ya nazi, taratibu, mpaka usingizi ukamchukua. Taa ikawaka ukutani. Zuwena alipoitazama alijikuta akiwaza: mwaka ujao, je, nikimwacha akeshe? Akaona haya, akamfunika bibi shuka, akajilaza ubavuni pake. Alichelewa sana kusinzia. Kisha taa ya pili ikawaka.