Mdiria Mezani

Mashavu alikuwa hajagusa rangi za maji tangu aolewe, miaka kumi na tisa iliyopita. Asubuhi ile alizitoa, akakaa dirishani amchore mdiria, ndege wa buluu aliyezoea kutua uani. Kila alipoinua brashi, ndege aliruka. Akachana karatasi ya tatu, machozi yakimlengalenga.

Mumewe, Sefu, alitoka na manati. Aliporudi alimlaza mdiria mezani, bawa limevunjika, bado anahema.

"Haya, mke wangu. Hatakusumbua tena."

Mashavu alitaka kupiga kelele. Lakini buluu ile ya manyoya ilikuwa karibu mno. Akachovya brashi. Hakuwahi kuchora vizuri namna ile.

"Nimmalize, asiteseke?" Sefu aliuliza baadaye, kwa sauti ya chini.

"Ngoja kwanza. Akifa, rangi itafifia."

Ndege akaanza kufumba jicho. Mashavu akalifumbua kwa ncha ya kidole, akaendelea kupaka.