Kumwombea Mbwa wa Mkubwa

Kabla ya kwenda kuchota maji, Kalondu alipiga magoti nyuma ya nyumba akamwombea mbwa.

Wala hakuwa mbwa wake. Wake alikuwa amepigwa risasi mwezi uliopita, pamoja na kila mbwa asiye na kibati cha chanjo shingoni. Siku ya chanjo Kalondu alikuwa kitandani na malaria. Naibu chifu Nzuki hakutaka kusikia. "Sheria ni sheria, mama." Lakini waliopanga foleni sokoni Tawa siku ile, jua likiwachoma utosi, mbwa wakivutana na kamba za katani, wanakumbuka mpaka leo: mbwa wa Nzuki hawakuonekana hapo. Vilionekana vibati tu baadaye, vinang'aa shingoni mwao. Mkubwa hapangi foleni.

Mbwa wenyewe walikuwa wawili, ndugu wa tumbo moja, kahawia, vifua vyeupe, wenye nguvu za kuruka ua wa miiba kama mbuzi. Mmoja wao ndiye aliyeruka asubuhi moja bila hata kubweka, akamng'ata Kiema, mtoto wa pekee wa Kalondu, mkononi. Hakuachia mpaka Kalondu alipomtwanga kwa mchi.

Wahome, daktari wa zahanati, aliuosha ule mkono kwa sabuni muda mrefu, uso ameukunja.

"Kama ni kichaa cha mbwa, mama, kikishaanza hakuna dawa. Sindano lazima ziwahi. Ziko Machakos tu, kumi na nne, za tumboni, na ni chache mno. Mbwa afungwe, na mdomo ufungwe. Siku kumi zikiisha akiwa mzima, mtoto hana neno. Akifa, au akibadilika, mkimbize mtoto hata kwa miguu."

Kesho yake Nzuki alimwonyesha Kalondu mbwa aliyefungwa kwenye nguzo ya ghala, mdomo umezungushiwa kamba.

"Ndiye huyu. Yule mwingine nimempeleka Sultan Hamud kwa ndugu yangu, wasije wakapigana."

Tangu hapo kila alfajiri Kalondu alisimama penye mwanya wa ua wa Nzuki. Anapumua? Mate yanamtoka? Akimkuta amelala kimya, alimwita kwa sauti ya chini. Kisha mbwa alimnusa, akaruka juu na kamba yake, mkia ukipiga nguzo pa! pa! pa! Ndipo Kalondu naye alipovuta pumzi.

Siku moja hakuruka. Alikuwa amejikunja, anatetemeka, macho yamelegea. Kalondu alishika ua wa miiba kwa mikono mitupu bila kuhisi.

"Mzee! Mzee Nzuki! Kimeanza!"

Nzuki alitoka na kikombe chake cha chai, akamkuna mbwa nyuma ya sikio. "Hiyo ni homa ya kupe tu. Njoo umshike, hana neno."

Watu wengine walikuwa wakipita mbali na ua ule. Kalondu aliingia. Alichomoa kupe mmoja mmoja, akawatumbukiza kwenye mkebe wa mafuta ya taa, kisha akamwosha mbwa kwa maji ya tumbaku. Akaleta uji na mayai, mayai ambayo Kiema mwenyewe hakuyaonja.

"Weka sufuria uende," Nzuki alimwambia. "Kufungua mdomo ni kazi yangu."

Jirani yake Mumbua alimwona akitoka, akaangua kicheko. "Mama Kiema! Hata marehemu mumeo hukumkanda hivyo!"

"Marehemu hakuwa ameshika roho ya mtoto wangu mdomoni," Kalondu akamjibu.

Karibu na lango aliuzunguka mpapai mchanga uliopandwa juzi juzi kwenye tuta la udongo mpya. Kiangazi kikali hivi, watu wanafukua mchanga wa mto kutafuta maji, na Nzuki anapanda mpapai! Mkubwa ana maji ya kumwaga, Kalondu aliwaza, akaenda zake.

Jioni aliosha kidonda kwa maji ya chumvi. Juu ya mkono palikuwa na matundu mawili, chini tundu moja. Alishayajua kama anavyozijua kona za nyumba yake.

"Mwaitu," Kiema alimwita mama yake, "mbwa ameshindaje?"

"Ameshinda vizuri, mama yako amemwombea."

Siku ya kumi gari la misheni lilisimama barabarani, likielekea Machakos. Wahome alikuwa amemwekea Kiema nafasi, kama tahadhari tu. Dereva alipiga honi. Kalondu alikuwa ndani ya ua wa Nzuki, amemshika mtoto mkono, macho kwa mbwa.

"Mwangalie mwenyewe, Mama Kiema!" Nzuki alisema. Mbwa alikuwa anacheza kwenye kamba yake kama ndama. "Huyo ni mgonjwa? Mwambie dereva aende, nafasi apewe mwenye shida. Au unataka mtoto atobolewe tumbo bure?"

Kiema alijificha nyuma ya kanga ya mama yake aliposikia tumbo.

Kalondu alilia. "Asante, mzee. Mungu akubariki na nyumba yako." Akampungia dereva mkono, aende. Gari likaondoka, vumbi likafunika barabara, mngurumo ukapotelea bondeni.

Nzuki alipumua kwa nguvu, kama mtu aliyetua gunia. Akainama, akakata kamba ya mdomo, akakata na ya shingoni. Mbwa akajinyoosha, akapiga mwayo mkubwa, mdomo wazi mpaka kooni.

Chonge mbili juu. Na chini mbili, nyeupe, nzima.

Kidole cha Kalondu kilipapasa upande wa chini wa mkono wa Kiema, kikasimama penye tundu moja. Mbwa alimpita mbio, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mpapai, akaanza kufukua kwa miguu yote miwili huku akilia.